Karata Zilipoganda

Kwenye kiwanda cha uchapaji alikomaliza ujana wake walimwita Zima-Washa, na hakuwahi kukasirika, maana jina lilikuwa la haki. Kompyuta ya kupangia kurasa ilikuwa moja tu, ya kizamani, na kila ilipoganda yeye ndiye aliyeitwa. Hakuwa na maneno mengi. Aliizima yote, akavuta pumzi, akaiwasha upya, kazi ikaendelea. Wale waliotaka kusubiri kwanza, eti labda itazinduka yenyewe, walikuja kukuta kurasa zimevurugika, bei za sabuni zimeingia kwenye tangazo la msiba. Basi sheria yake ikawa sheria ya kiwanda kizima: ikiganda, zima kabla haijaharibu.

Binti yake wa pekee alikuwa fundi kompyuta mwenye duka lake mwenyewe, chumba kimoja chenye meza ndefu, feni ya ukutani iliyokuwa ikikwaruza, na makopo ya skrubu yaliyopangwa kwa ukubwa. Wateja walimpendea jambo moja, kwamba alieleza. Mama wa duka la dawa la ng'ambo ya barabara, ambaye hata kufungua barua pepe alikuwa akiomba Mungu kwanza, alikuwa anajua kwa nini mashine yake ilikuwa nzito na dawa yake ni nini, kwa sababu fundi alimkalisha akamweleza mpaka akaridhika. Lakini mganga hajigangi. Fundi huyo huyo, baba yake akija pale dukani, subira yote ilimwisha. Mzee akiuliza hiki au kile, jibu lilikuwa moja: "Baba, mambo yamebadilika." Na mzee alijifanya anatazama feni.

Mama yake fundi alikuwa amefariki mwaka uliopita. Alikuwa mwalimu, na alipostaafu alikuwa akijirekodi nyumbani akisoma vitabu kwa ajili ya wanafunzi wasioona. Alitumia ile kompyuta ya kizamani, ambayo kiwanda kilipofungwa kilimwachia mumewe kama kiinua mgongo cha dhihaka. Kanda zilizopelekwa shuleni zilioza stoo. Nyumbani hakuna aliyewaza kuweka nakala nyingine. Nani anaweka nakala ya mke aliyepo jikoni anaimba? Sauti yake ikabaki mahali pamoja duniani, ndani ya diski kuukuu ya kompyuta hiyo, iliyokuwa ikigongagonga kila inapozunguka.

Mzee ndiye aliyeileta dukani, amefunga diski hiyo kwa taulo.

"Mwanangu, nataka nimsikie mama yako tu," alimwambia bintiye. "Hata akisoma hesabu."

Fundi aliikagua, akajua mara moja kwamba ilikuwa inakata roho. Ingezunguka mara moja hii, na ikizimwa isingeamka tena. Kwa mteja angelisema hilo kabla hata hajashika bisibisi. Kwa baba yake hakulisema. Aliona kumweleza ni kufungua mlango wa maswali mia. Akaiunganisha kwenye kompyuta yake, akaanzisha programu ya kuokoa, ile inayosoma diski kipande kwa kipande toka mwanzo hadi mwisho, na kazi ikaanza taratibu.

Mzee alivuta kiti akasogea.

"Sasa hii inafanyaje? Na ile ya kwetu ilikuwa..."

"Baba, mambo yamebadilika. Itachukua muda. Ngoja nikuwekee karata ucheze."

Akamfungulia mchezo wa karata kwenye kompyuta ile ile, ukajaa kioo kizima, na programu ya kuokoa ikabaki nyuma yake haionekani. Ndivyo watu wanavyowanyamazisha watoto wadogo, na fundi alijua anachofanya. Mzee akacheza. Alikuwa mzuri wa karata, akaanza hata kuikejeli mashine. "Weka basi karata yako hiyo ya jembe, unaona haya?"

Mchana, mama wa duka la dawa akapiga simu, mashine yake ya risiti imekwama na watu wamejipanga mpaka nje.

"Baba, navuka hapo mara moja. Usiguse kitu kingine, wewe cheza tu karata zako."

"Nenda, mwanangu. Nipo."

Alikuwepo kweli. Alikuwepo, macho kwenye kioo, mkono kwenye kipanya, karata moja ikaning'inia katikati ya safari na isishuke. Akabofya. Kimya. Akabonyeza kitufe hiki na kile. Kimya. Saa iliyokuwa pembeni mwa mchezo imesimama. Diski nayo ilikuwa inagonga kwenye meza, tiki, tiki, na masikioni mwa Zima-Washa mlio ule ulikuwa na maana moja tu: mashine imeganda, na inaharibu. Inamvuruga mkewe kama ilivyovuruga zile kurasa. Aliinuka, akaenda mlangoni akamwita bintiye kwa sauti kubwa, lakini barabara ilijaa magari na hakuna aliyesikia. Akarudi mbio. Akaweka kidole kwenye kitufe cha umeme, akakishikilia mpaka kioo kikawa cheusi na ule mlio ukakoma. Akavuta pumzi. Akaiwasha upya.

Fundi aliporudi alimkuta amesimama kando ya meza, amekunja mikono, uso wa mtu aliyezima moto.

"Iliganda," mzee akasema. "Lakini nimewahi."

Diski haikuamka. Fundi aliigusa, akaiegemeza upande, akabadili waya, akaiweka sikioni. Haikuzunguka wala haikugonga. Alifungua kilichokuwa kimeokolewa, akakuta sehemu za mwanzo za diski tu, na huko kulikuwa na kazi za kiwandani: matangazo ya mikutano, vibandiko vya sabuni, kadi za harusi za watu walioachana zamani. Mama hakuwa amefikiwa.

"Imekuwaje?" mzee akauliza. "Nimechelewa?"

Na hapo fundi akaeleza. Alikuwa amevimba kwa hasira, na hasira ikampa ufasaha. Alivuta kiti akakaa mbele ya baba yake, kama anavyofanya kwa wateja.

"Ile yenu ya zamani, baba, programu zote zilikaa chumba kimoja, zikipeana zamu kwa hiari. Mwenye zamu asipoiachia, wote wanangoja mpaka kiama. Na kuta hazikuwepo. Mmoja akipagawa, anakanyaga vitu vya wenzake."

"Enhe. Ndiyo maana tulikuwa tunazima."

"Ndiyo maana. Na mlikuwa sahihi. Hizi za sasa zina kiini kinachosimamia. Kinampa huyu zamu, kinamnyang'anya, kinampa yule, hakingoji mtu aamue kuachia. Na kila programu ina chumba chake, kimefungwa. Karata zikiganda, zimeganda kwao. Unaziua peke yake, wengine wala hawana habari."

Mzee alikuwa anamfuata neno kwa neno. Hakuwa mjinga, hajawahi kuwa mjinga, ila hakuna aliyemwambia. Fundi aliona uso wake unavyobadilika kadiri anavyoelewa, na angeweza kuacha pale. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, alishawapa wateja wengi uongo huo huo kwa huruma: diski ilikuwa imekwisha zamani, isingefika popote.

"Kwa hiyo," mzee akasema polepole, "karata ziliposimama, huko nyuma, mama yako alikuwa bado anakuja?"

"Alikuwa anakuja, baba. Vizuri kabisa. Ungekaa tu."

Mzee alitikisa kichwa kukubali, mara mbili tatu, kama mwanafunzi aliyepata jibu. Akavuta kiti chake akaketi mbele ya kile kioo, mikono mapajani, asiguse kitu. Fundi alimwambia duka linafungwa, waende nyumbani.

"Ngoja kidogo," akasema mzee. "Nimekaa."