Mpira Usioliwa na Dawa

Gitega nzima hakuna mtu wa kunishinda kuchagua mpira wa mashine ya povu. Ulizia Sefu wa Mwajuma, yule mrefu mwenye mdomo, watakuonyesha. Sekondari nilimaliza, na kemia nilipata alama za kutembea nazo kifua mbele. Kwa hiyo mama alipoleta mashine ya povu pale kwetu tunapooshea magari, ni mimi niliyetumwa kununua mpira wa kunyonya dawa ya kuoshea kutoka kwenye dumu lake, bidoni tunaita, mpaka kwenye pompi. Nikachagua unaong'aa kama glasi. Dawa yetu ni ya rangi ya waridi, na mteja akiwa amekaa kwenye benchi aliiona ikipanda polepole kama juisi kwenye mrija. Nilijiona injinia.

Uinjinia wenyewe haukufika mbali. Mpira ukageuka wa manjano, ukakakamaa kama ukucha wa mzee, kisha ukapasuka palepale unapoingia kwenye pompi. Na hapo ndipo mama anaposhika. Kwetu mimi ni wa kuongea na wateja, mama ndiye wa kukaza. Kila ulipolegea aliukaza kwa vidole, dawa ikamtiririkia, akajifuta kwenye kitenge, akaendelea. Glavu hataki. Anasema zinamfanya ashike kama mlevi.

Ningeendelea kutoona kama si Nadia. Huyo ni binti wa mama mdogo Kadidja, wa Muyinga, na alikuwa karibu kuolewa. Sasa, mama yangu kabla ya magari alikuwa mkono wa hina, na mpaka leo bibi harusi wa ukoo wetu akitolewa bila hina ya Mwajuma, watu wanauliza kuna ugomvi gani. Nadia alipopiga simu, mama aliiacha juu ya benchi, akaongea akiwa ameinama.

"Mama mkubwa, mi siwekewi hina na mtu mwingine. Usipokuja, naolewa mikono mitupu."

"Nitakuja, mwanangu. Mi nitakosaje?"

Simu ilipokatika alichukua koni ya hina, akajaribu kuchora ua juu ya mfuko wa saruji. Ndipo nilipoona vidole vyake. Ncha zilikuwa nyekundu, zimechubuka, zimepasukapasuka. Mstari ulikwenda kidogo, ukatetemeka, ukakatika.

"Mama, hiyo iko ua ama iko kuku?"

"Iko kuku," akasema. Akaukunja mfuko na kuukalia. "Nenda uangalie gari ya mwalimu."

Nilikwenda. Gari la mwalimu nililiosha vibaya sana siku ile.

Kesho yake nilizima mashine. Nikamwambia mama tutaosha kwa sabuni ya kawaida, mi ndiye nitaosha, yeye akae apokee wateja. Petroli ilikuwa adimu, magari yenyewe machache, hakubishana sana. Mi nikakusanya vipande vya mpira kutoka kila duka nililolijua: wa kijani wa kumwagilia bustani, mweusi wa pikipiki, hata ule mwembamba wa hospitali. Nikavilowesha kwenye dawa, kila kimoja ndani ya chupa yake ya mayonezi, nikazipanga nyuma ya nyumba. Jirani yetu Juma alichungulia akauliza pombe hiyo itaiva lini.

Haikuiva. Wa kijani ulilegea kama utumbo. Mweusi ulivimba, ukatoa wino. Wa hospitali ukawa wa manjano kama ndugu yake wa kwanza. Nilikuwa nimekaa juu ya bidoni la dawa, nimeshika tama, ndipo nikajiuliza nimekaa juu ya nini. Dawa inakaa humo tangu tuinunue, na bidoni halijabadilika hata rangi. Donc, yaani kwa hiyo, mpira wangu ulitakiwa uwe wa kitu kilekile: plastiki nyeupe isiyong'aa, ngumu kidogo, isiyomvutia mtu. Shida ni kwamba maduka niliyopitia Gitega yalikuwa na mipira mizuri tu.

Mama mdogo Kadidja akaniambia kwa simu kwamba jirani yake Eliud anauza pompi za kupulizia kahawa, wakulima wanazifuata toka Gashoho na Gasorwe. Wiki ya harusi ilipofika, nikaaga.

"Unatangulia Muyinga kufanya nini?" mama akauliza.

"Kuonja wali. Lazima mtu wa familia aonje."

"Nilijua tu iko tumbo."

Eliud alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania na Kiswahili chake ni cha redioni. "Mdogo wangu," akasema, "mpira huo hapa hauna mpenzi. Ni mgumu, haupindiki vizuri." Nikamwambia ndio huohuo. Nikanunua, nikaondoka, basi. Nilirudi Gitega, nikachovya ncha kwenye maji ya moto ili ilainike, nikaisukuma mpaka mwisho, nikakaza kwa kibano. Mama akasogeza kidole kwenye kiungo, mashine ikinguruma. Kikavu.

"Nani kakufundisha?"

"Kemia, Mama."

Nikaanza kufanya kazi na glavu. Nilimwambia wasichana wa Muyinga wanapenda mikono laini, akacheka, akaacha kuuliza.

Siku ya hina mama aliingia kwa wanawake baada ya adhuhuri. Vidole vyake vilikuwa na ngozi mpya, nyembamba kama ya mtoto. Mi nilikuwa uani kwa mama mdogo, nagawa sahani kwa wageni, naangalia mlango kuliko sahani. Alipotolewa Nadia kuonyeshwa wajomba, maua yalimpanda toka kwenye kucha mpaka viwikoni, na mstari haukutetemeka popote. Mama akatoka nyuma yake, anatengeneza mtandio kama mtu asiyehusika.

"Leo si kuku," nikamwambia.

"Nyamaza," akasema, akiangalia pembeni.

Eliud, aliyekuwa kati ya wageni, akapokea sahani yangu, akaniangalia. "Wewe si kijana wa mpira? Mkono umepona?"

"Mkono gani?" mama akauliza.

"Hamkuambiwa? Alikaa dukani kwangu mpaka nafunga. Kila kiungo tulichokifunga alikishika mkono mtupu, pompi inavuta ile dawa ya magari aliyokuja nayo. Nikampa glavu, akasema mwenye kukishika kila siku hapendi glavu. Cha kwanza kikamvujia, cha pili kikamvujia. Nikamwambia, mdogo wangu, utatoka ngozi. Akasema bora itoke hii, haijui kuchora."

Nadia alinikodolea macho. Mi nilitafuta neno la kuchekesha, na mi sijawahi kulikosa, nikalitafuta tena.

"Sefu," mama akasema. "Leta mkono."

"Mama, nimeshika sahani."

"Weka sahani."