Makosa Arobaini na Moja

Kaka yangu haoni, na saa nne asubuhi ile alitakiwa kusoma habari mbele ya wakubwa wa kituo cha redio, wampime kama anaifaa kazi ya utangazaji. Angesoma kwa vidole, kwenye kibao chake cha nukta nundu kinachochomekwa kwenye kompyuta. Kibao kilikuwa kimekufa, na aliyekiua ni mimi. Jana yake nilisasisha mfumo mzima wa kompyuta bila kumuuliza, kiherehere tu, na kiini kipya cha mfumo kikaikataa moduli, ile programu ndogo inayoendesha kibao. Nimelikoroga, sharti nilinywe: ilibidi niijenge moduli upya.

Saa mbili kasoro nilikuwa na makosa arobaini na moja kwenye skrini. Nikarekebisha la mwisho, yakawa arobaini na matatu. Nikatukana kimoyomoyo, kisha kwa sauti.

"Niwapigie niwaambie siji?" kaka aliuliza. Alikuwa ameshavaa shati lake la pasi, mikono mapajani.

"Ngoja kwanza, makosa yamejaa."

"Kwani hayo makosa yanasemaje?"

"Utayaelewa wapi, kaka?"

"Basi niyasikilize tu, mtaalamu."

Nikawasha sauti ya kompyuta imsomee skrini. Mimi macho yangu hukimbilia chini ya skrini, kwenye mistari ya mwisho. Yeye hana pa kurukia. Husikiliza tangu mwanzo. Makosa matano hayajaisha kusomwa akainua kidole.

"La kwanza linasema kuna kitu kompyuta haikijui. Na haya mengine yanakitaja hichohicho. Si ukitambulishe kwanza?"

Niliona aibu. Kiini cha zamani kilikuwa kikileta chenyewe faili lenye maelezo ya kitu hicho. Kipya kinataka uliite mwenyewe. Niliandika mstari mmoja tu wa kuliita, juu kabisa ya programu. Yakabaki makosa mawili, na hayo niliyamaliza kabla chai haijapoa.

Nikaipakia moduli. Vijipini vya kibao vikainuka chini ya vidole vyake. Alipapasa mstari mmoja, akaurudia, kisha akaanza kusoma habari kwa ile sauti yake nzito, bila kujikwaa.

Saa nne na nusu nilikuwa kwenye benchi la mapokezi ya kituo, na sauti hiyohiyo ikatoka kwenye spika ya ukutani. Mhudumu aliacha kuandika.

"Nani huyo?"

"Kaka yangu," nilimjibu.

Kaka alipotoka alinitafuta kwa mkono mpaka akanipata bega. "Naanza Jumatatu," alisema, na mimi nikalia palepale mbele ya watu, wala sikujali.