Usingizi wa Saa Nane Mchana

Gundi ilikuwa bado mbichi, na picha ya mzee Taratibu ikawa inateleza kidogo kidogo kuelekea sakafuni. Meneja wa safari aliizuia kwa viganja viwili, kama mtu anayezuia mlango usisukumwe, akaagiza aletewe misumari. Chini ya uso ule mpole yalikuwa yameandikwa maneno makubwa mekundu: MIAKA THELATHINI NA MMOJA BILA AJALI.

Mwanamke pekee kati ya madereva wa malori wa yadi ile alisimama nyuma ya wenzake, akayasoma maneno yale mara mbili. Hayakuwa uongo, ila yaliishia njiani. Mwezi mmoja uliopita Taratibu alikuwa amefia usukanini, lori lake likakutwa mtaroni, magurudumu yakitazama mbingu.

Jina hilo alipewa kwa dhihaka; akalivaa mpaka likawa cheo. Wenzake waliposema mwanamke na tela ni maji na mafuta, yeye alimkaribisha binti huyu kwenye kiti cha pembeni, akamfundisha kurudi nyuma, kushuka mlima kwa gia nzito, kusikiliza breki kabla hazijalalamika. "Mwanangu," alizoea kumwambia, "barabara haina shemeji. Haimpendelei mtu." Na kwa binti aliyekua bila kumjua baba, neno lile "mwanangu" lilikuwa paa la nyumba.

"Jumatatu tunaanza wiki ya usalama barabarani," meneja alimwambia wengine walipotawanyika. "Wewe ulikuwa kama mtoto wake. Useme maneno mawili matatu. Waeleze alivyokuwa mfano."

"Na alivyokufa, nieleze?"

Meneja alizihesabu nyundo kwa macho, ingawa ilikuwa moja tu. "Ya marehemu tumwachie marehemu."

Jumapili dereva alikwenda kwa mjane wa Taratibu. Alimkuta sebuleni anapiga pasi mashati ya mumewe ili ayagawe. Hakutaka shati liende kwa watu na mikunjo. Televisheni ilikuwa inawaka bila sauti. Dereva alikaa kwenye ncha ya kochi kama mgeni, yeye ambaye zamani alikuwa akiingia na kwenda moja kwa moja jikoni kufunua vyungu.

"Mama, wameniambia nizungumze habari za Baba."

"Zungumza. Mdomo ni wako."

"Nataka kusema kwamba alisinzia."

Pasi ilibaki hewani. "Nimemzika mara moja," mjane alisema. "Unataka tumzike tena?"

"Safari ile ilikuwa yangu, Mama."

Sentensi ile ilikuwa imemkaa kooni mwezi mzima kama mwiba wa samaki. Sasa ilipotoka, nyingine zikaifuata zenyewe. Ilikuwa siku ya harusi ya mdogo wake. Taratibu alikuwa amerudi alfajiri ileile kutoka safari ya siku mbili. Yeye alilijua hilo. Aliyaona macho yake. Bado akamwomba amshikie zamu, kwa kuwa alijua mzee huyo hana ulimi wa kumkatalia. Naye akacheka: "Nenda, mwanangu. Mdogo wako haolewi kila wiki." Saa nane mchana, jua likiwaka, barabara imenyooka kama rula, usingizi ukamchukua.

Mjane alikunja shati, akalikunjua, akalikunja upya. "Ninajua. Aliniambia akifunga kamba za viatu. Nikamwambia, mume wangu, macho yako mekundu. Akasema, nikikataa mimi, binti atamwomba nani?" Kisha, bila kuinua uso: "Nilikuwa nakusubiri uje uniambie mwenyewe. Kila mlango ukigongwa, nasema ni wewe."

Dereva alimsogezea shati lililofuata. Liko kosa linaloombewa radhi, na liko linalobebwa tu.

"Kaseme," mjane alisema alipokuwa akimsindikiza. "Lakini usimseme kama mzembe. Alichoka. Mzembe na mchovu hawajazaliwa tumbo moja."

Jumatatu asubuhi madereva arobaini walijipanga kwenye mabenchi ya karakana. Meneja alifungua kwa sifa, watu wakapiga makofi ya adabu. Zamu yake ilipofika, dereva alisimama mbele yao bila karatasi.

"Taratibu hakuuawa na breki wala tairi," alisema. "Alilala usukanini, mchana kweupe. Kama yeye, aliyetufundisha sote, aliweza kusinzia, basi hapa hakuna shujaa wa usingizi. Alikuwa ametoka safari ya siku mbili. Mimi nilijua, nikamwomba anishikie zamu. Ofisi ilijua, ikatia saini. Naye alijua, akaona haya kukataa. Watu watatu walijua, na hakuna hata mmoja aliyesema hapana." Akamgeukia meneja. "Kuanzia leo, nikichoka, naegesha. Mzigo ukichelewa, uchelewe. Kama mnataka kumuenzi, egesheni."

Hakuna aliyepiga makofi. Meneja alikohoa, akatangaza ratiba ya wiki. Watu walipokuwa wakitoka, dereva mmoja mkongwe alipunguza mwendo karibu naye. "Dada, umemvua nguo marehemu hadharani," akasema, akapita.

Hawakumfukuza kazi. Kufukuzwa kungekuwa na kelele, na kelele nazo zina uchangamfu wake. Walimwacha tu. Alipofika kwenye meza ya chai, mazungumzo yalikatika kama redio iliyoishiwa betri. Utani wa redio za malori, uliokuwa ukimfuata kilomita kwa kilomita, ukamruka. Picha iliteremshwa kimyakimya, ukutani yakabaki matundu manne ya misumari. Jioni alirudi chumbani kwake, akapika chakula cha mtu mmoja, akala akisikia majirani wakigombana, akawaonea wivu kwa kuwa walikuwa na wa kugombana naye.

Lakini aliegesha. Kila mchana macho yalipoanza kuwa mazito, alitafuta pahali papana kando ya barabara, akazima injini, akalaza kiti. Malori ya wenzake, yote ya rangi moja ya buluu, yalimpita yakipiga honi ndefu za kejeli. Mara nyingine usingizi haukuja. Alilala akiangalia dari la kabini na kumwambia Taratibu mambo madogo: bei ya dizeli, daraja jipya, mtoto wa mdogo wake aliye njiani.

Mwezi wa tatu tangu siku ile ulipokuwa ukielekea ukingoni, alikuwa ameegesha hivyo, kiyoyozi kimezimwa, dirisha wazi. Lori moja likapita na honi yake. La pili likapita kimya. La tatu alilisikia likishusha gia, moja baada ya nyingine, bila haraka, kama inavyofundishwa. Kokoto zikalia chini ya matairi nyuma yake. Injini ikanguruma kidogo, kisha ikanyamaza.

Aliinuka kwa kiwiko, akatazama kioo cha pembeni. Lilikuwa la buluu. Jua lilikuwa limepiga kwenye kioo chake cha mbele, hakuweza kuona aliyekuwa ndani. Alingoja mlango ufunguliwe. Haukufunguliwa. Alichokiona ni pazia dogo la kabini likivutwa, upande mmoja, kisha wa pili.

Akajilaza tena. Upepo ulipita katikati ya malori mawili, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile, macho yake yakajifumba kabla hajayaamuru.