Ulaya ya Kilima cha Mtandao

Nina shuka jeupe lisilofumwa na mtu. Alfajiri limetandikwa bonde zima, jua likipanda limekwisha kunjwa, na aliyelikunja haonekani. Atakayesema ukungu amepata, hana haja ya kutoa mji. Asiyepata na afike kijiji cha Tumati mwezi wa saba, mbuzi wakiwa bado wamejikunyata zizini. Atalikuta limefunika mahindi, limefunika nyumba, limefunika hata mti ulio mbele ya pua yake, na atasikia watu wakisalimiana kabla hawajaonana. Ndivyo wanavyotembea huko ukunguni: salamu inatangulia, uso unafuata. Anayepita kimya ni mwizi, au ni kitu kingine ambacho hakitajwi asubuhi.

Ndani ya shuka hilo, Jumapili moja, alisimama Zita. Amevaa koti refu la sufi lenye rangi ya maziwa, midomo imepakwa nyekundu, magoti yanagongana kwa baridi. Alikuwa Ulaya. Yaani watu wote waliomfuata mtandaoni walijua kwamba yuko Ulaya, katika mji wa Milano, mji wa mavazi, na kwamba asubuhi hii angewatembeza.

Aliyejua vingine ni mmoja tu, Raudha, rafiki yake wa mji wa Katesh aliyeshika simu.

Zita alizaliwa upande wa pili wa kilima hichohicho, akalelewa na bibi yake, Kornelia. Alisoma sekondari bweni moja na Raudha, kisha akaenda Dar es Salaam kujifunza kushona, akaishia kujifunza kuonekana. Wako wasichana kule ambao kazi yao ni kuvaa vya ghali ili watu waone. Zita alipoingia kwao alishangaa. Mkoba mmoja, wasichana wanne: wa kwanza anapigwa nao picha hotelini, anauweka chini, wa pili anauokota mlango wa nyuma. Gauni la dukani linavaliwa lebo ikiwa imefichwa kwapani, jioni linarudishwa kana kwamba halikumfaa mtu. Mifuko ya karatasi ya maduka makubwa hujazwa magazeti ionekane mizito.

Na ajabu ni kwamba Zita aliipenda kazi hiyo. Picha ikishapigwa, yule msichana wa kwenye kioo cha simu alionekana hana njaa, hana aibu, hana mahali alikotoka. Zita alimtazama na kumwonea wivu kama mtu mwingine kabisa.

Basi akatangaza kwamba anakwenda Milano. Akaagwa kwa maua na mioyo ya mtandaoni. Huku Tumati Bibi Kornelia alitoa jogoo wake sadaka kanisani, ndege ishuke salama. Viza ikakataliwa. Sasa ameshaagwa, jogoo ameshaliwa, Zita aseme nini? Alipanda basi kimyakimya hadi Katesh, akajificha kwa kina Raudha, chumba cha nyuma ya duka la nguo la baba yake, Mzee Abdulrahim. Koti lilitoka humo, kwenye robota la mitumba. Katesh nani atavaa sufi nyeupe kwenye vumbi lile? Zita alilifua, akalishonea lebo ya jina kubwa kwa mkono wake, akawa anasimama mbele ya ukuta mweupe na kuandika: Asubuhi njema kutoka Milano.

Watu wakauchoka ukuta. Ndipo Adamu, mwenye duka la makoti na viatu vya wakubwa huko Dar, akamwandikia: "Dada, nataka uwe sura ya duka langu. Lakini nikuone nje, laivu, Jumapili. Nikikuona, Jumatatu tunasaini." Zita aliitaka kazi hiyo kama mtu wa jangwani anavyotaka maji. Mambo ya kupokezana mkoba yangekwisha. Yule wa kwenye kioo angekuwa yeye mwenyewe, kwa mkataba.

"Nje ya Katesh ni jua na mlima Hanang," Raudha alisema, "na mlima ule hata kipofu anaujua. Ulaya yako iko kwenu, mwenzangu. Kule kwenye ukungu. Nani ataapa kwamba siyo?"

Wakalala Dongobesh kwa shangazi yake Raudha, na alfajiri bodaboda ikawashusha chini ya kilima. Zita alikichagua mwenyewe. Kijijini kwao simu hushika pale juu tu, ndiyo maana watu wanakiita Kilima cha Mtandao, na siku nyingine huwezi kukosa mtu amesimama pale ameinua mkono kama anayeomba mvua. Lakini Jumapili asubuhi watu wote wako kanisani. Hilo alikuwa na hakika nalo.

"Tuko hewani," Raudha akanong'ona.

"Chao, wapendwa wangu!" Zita akasema, akageuka taratibu, koti likamfuata. "Karibuni Milano. Huku ni kiangazi, lakini leo baridi imeshuka ghafla, mji wote umejifunika, mnaona wenyewe."

Waliona. Misonobari michache ilisimama nyuma yake kama minara ya kanisa la zamani, vichwa havionekani. Matone yalining'inia kwenye nywele zake. Raudha, ambaye alijua kila kitu, alijikuta naye ameanza kuamini. Akatazama chini kuona kama ni majani anayokanyaga au mawe ya mjini. Komenti zikawa zinapanda kama mapovu ya sufuria. Malkia. Tuletee zawadi. Adamu naye alikuwepo, aliweka kidole gumba.

Kengele ya ng'ombe ikalia mahali fulani chini.

Milano kuna ng'ombe? mtu akaandika.

Zita hakupepesa jicho. "Ng'ombe wa Ulaya wote wana kengele, mpenzi. Mazoea yao."

Raudha akang'ata mtandio asicheke.

"Hapa ndipo wanapopita wanamitindo wakubwa," Zita akaendelea, sasa ameshaingia kwenye ndoto yake, anatembea ndani yake kwa miguu miwili. "Ukisimama hapa, unajisikia umefika."

Kisha kutoka ndani ya ukungu, upande wa kushoto, sauti ikasema:

"Ukisimama hapa, unajisikia umefika."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Nani huyo?" akasema, na ukungu, baada ya kitambo, ukauliza, nani huyo? Sauti ilikuwa nyembamba kidogo kuliko yake, na ilikuwa inakaribia. Kwa pumzi moja Zita aliamini kwamba ni yule wa kwenye kioo, amechoka kukaa ndani, ametoka, anatembea kilimani kumtafuta.

Kisha ikaja sauti ya pili, nzito, yenye kukwaruza, ya mtu aliyepanda mlima na umri wake.

"Wa huko juu, hamjambo! Ni mimi Kornelia. Ni nani hapo?"

Zita akafunga mdomo.

"Hakuna mtu," ile sauti ikajijibu. "Haya. Zita mjukuu wangu, tumebaki wawili."

Bibi Kornelia alikuwa na simu ambayo Zita mwenyewe alimtumia, na Hilda wa jirani alikuwa amemfundisha pa kubonyeza. Alikuwa amepanda pale mtandao unaposhika, amtazame mjukuu wake aliye Ulaya. Sasa alikuwa ameketi hatua chache tu upande wa pili wa ukungu, anaongea na simu akidhani inamsikia.

"Nakuona. Padri leo yuko kigango kingine, sisi tutasali mchana, nikasema niwahi. Umekonda, mama. Koti zuri, lakini funga vifungo, kifua kitakuuma. Kumbe huko nako kuna ukungu? Mungu ni mmoja jamani." Akasubiri. "Mbona hunijibu? Shikamoo umeiacha uwanja wa ndege?"

Raudha akapitisha kidole shingoni: kata! Ilikuwa rahisi. Kidole kimoja tu, picha izimike, wateremke upande wa pili polepole. Bibi angesema mtandao umekwenda. Jumatatu Zita angesaini.

Lakini kunyamaza mzee anaposalimu! Zita alikuwa amekwisha kudanganya watu wengi asiowajua, na usingizi ulimjia kila siku. Hiki kilikuwa kitu kingine.

"Shikamoo, Bibi," akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu! Ee, sauti inakuja karibu utadhani uko hapa." Na mara simu mkononi mwake ikasema, shikamoo, Bibi. "Marahaba. Nimeshaitikia, mbona unarudia?"

Komenti zikalipuka. Anaongea na bibi yake kijijini! Hajasahau kwao. Nimelia. Na Adamu akaandika: Safi kabisa. Hiki ndicho ninachotaka, kitu cha kweli. Endelea hivyohivyo.

Zita alisoma maneno hayo mara mbili. Hakuna aliyemshika. Uongo ulikuwa umepokea shikamoo yake na kuivaa, na ilimpendeza. Angeweza kuendelea mpaka jua litoke.

"Niambie," Bibi akasema, "huko unakaa na nani? Wanakupikia nini? Ngoja nijikunje kwanza, baridi ya leo ina meno." Zita aliyasikia meno yenyewe, yanagongana, kwanza ukunguni na kisha simuni. Alimjua: angekuwa na kile kitenge chake cha Jumapili, chepesi kama jani la tumbaku.

Alikuwa na majibu tayari. Nyumba nzuri, Bibi. Chakula kizuri. Akafungua mdomo, na badala ya kusema, akatembea.

"Zita!" Raudha akanong'ona. "Zita we, rudi!" Lakini mkono wake, uliozoea kazi, ukamfuata na simu.

Ukungu ukaachia. Bibi alikuwa ameketi kwenye jiwe, simu ameishika kwa mikono miwili kama sahani ya mboga ya moto. Akainua macho, akaona kitu kirefu cheupe kinamjia, akafanya ishara ya msalaba.

"Ni mimi, Bibi."

"Zita yuko huku," Bibi akasema, akionyesha simu. Na kweli, simuni, ambako picha huchelewa kidogo, Zita alikuwa bado amesimama kule mbali, hajaanza safari. Zita akavua koti, akamfunika mabegani. Ndipo Bibi akaona katika kioo yule msichana wa koti jeupe anaanza kutembea, anatembea, anamkuta kizee kwenye jiwe.

"Na huyu kikongwe ni nani tena?"

"Ni wewe."

Bibi akamshika uso, akauminya, kama anayepima parachichi. Zita akageukia simu ya Raudha.

"Hapa ni Tumati," akasema. "Milano sikufika. Lebo ya koti nimeishona mwenyewe. Huyu ndiye bibi yangu, na nyie wengine mnisamehe."

Matusi yakaja, na vicheko, na wachache waliosema pole. Jina la Adamu lilikuwepo, kisha halikuwepo. Raudha akashusha simu.

"Basi, duka limefungwa," akasema. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ni yule wa Abdulrahim?" Bibi akawatazama mmoja mmoja, na mambo yakaanza kumwingia. "Mmetoka wapi?"

"Katesh."

"Katesh. Mwezi mzima?" Sauti ikashuka. "Umekaa Katesh mwezi mzima, basi linakuja kila siku, na mimi napanda kilima hiki kukutafuta Ulaya?"

Hilo lilimuuma Zita kuliko kumpoteza Adamu.

"Na jogoo wangu! Nimetoa jogoo kwa ndege ambayo haikuruka!" Bibi akasimama, koti likaburuza kwenye umande. Akatembea kidogo, akarudi, sasa ana jicho jingine. "Sikilizeni. Ibada ni mchana. Utaingia na hili koti, nitasema umeshuka leo kutoka Ulaya. Nani anajua?"

"Bibi!"

"Bibi nini? Nimewatangazia kigango kizima. Wakina mama wameniachia benchi la mbele kwa ajili yako. Nitakaa wapi mimi?"

Zita alitaka kucheka, na machozi yakawahi. "Kila aliyeniangalia asubuhi hii ameshajua. Hilda atajua kabla ya mchana. Na mimi nimechoka, Bibi. Sema utakavyo. Mimi nitakaa nyuma, karibu na mlango, sitakupinga."

Wakateremka, Bibi katikati, Raudha akishikilia pindo la koti lisimkwaze. Ukungu ulikuwa umeanza kuwa mwembamba, na dunia ikawa inarudi vipandevipande: tawi, kona ya zizi, moshi wa jiko la mtu.

"Wa huko juu!" sauti ya mzee ikapanda kutoka chini. Ni Yoakimu, jirani, mkongwe asiyekosa habari. "Ni akina nani mnashuka?"

Bibi akasimama. "Ni mimi Kornelia. Na mgeni, binti wa Katesh."

"Hamjambo. Na wa tatu? Nasikia miguu ya watatu."

Zita akatazama chini. Mkono wa Bibi ukatoka ndani ya koti, ukatafuta mkono wa Zita, ukaushika kwa nguvu hadi vidole vikauma.

"Ni Zita."

"Zita! Amerudi kutoka Ulaya?"

Jogoo wa mtu akawika, na Bibi akashtuka kama ametukanwa.

"Hakwenda," akapaza sauti. "Alikuwa Katesh. Na usiniulize jingine, Yoakimu, mpaka ninywe chai!"

Chini kule yule mzee asiyeonekana akaanza kucheka, kicheko cha polepole, akakohoa, akacheka tena, akasema hata yeye ana kiu ya chai. Bibi akavuta mkono wa mjukuu wake, wakateremka kuelekea kilikotoka kicheko.