Nduma Anajifunza Kusimama

Kati ya Ruiru na Thika hakukuwa na mwanamke aliyejua farasi kumshinda Wakonyo. Wale wengine wote, tuseme ukweli, walikuwa na akili ya kufuga ng'ombe.

Alikuwa shosho, bibi mwenye goti bovu na meno machache ya kuaminika, na kazi yake ilikuwa kumfundisha Nduma, farasi jike mwenye rangi ya kijivu kama gimbi lililochemshwa, nduma yenyewe, kwenye shamba la Lilavati, mama yake Keyur, nje kidogo ya Ruiru. Nduma alikuwa ametoka kwenye mashindano ya mbio, na huko alifundishwa jambo moja tu: kwenda. Ukivuta hatamu alidhani unamsaidia kubeba kichwa. Aliegemea lijamu kwa shingo yote akazidisha mwendo, uzito umelalia miguu ya mbele kama mtu anayeteremka mlima na gunia la viazi.

Lilavati hakuwa na mikono ya kuvutana naye. Baridi yabisi ilikuwa imemkunja vidole.

"Nataka kupanda tena kabla sijazeeka," alimwambia Wakonyo.

"Hapo umechelewa, Mama Keyur."

Lilavati alicheka, kisha akaacha kucheka. "Akisimama bila kuvutwa, anabaki. Asiposimama, kuna mtu wa Ngoliba anamtaka avute mkokoteni wa maji. Na umfundishe ndani ya ua. Barabarani hapana. Kuna malori, kuna mbwa."

"Ndani ya ua," Wakonyo alisema, na siku hiyo alimaanisha.

Basi kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala, alimzungusha Nduma miduara mipana, akiibana kidogo kidogo hadi mguu wa nyuma ulipojifunza kuingia chini ya tumbo na kubeba sehemu yake ya mzigo. Vidole vilikamua hatamu taratibu, kama anayekamua ng'ombe mwenye wasiwasi. Nduma akilegeza taya, navyo vililegea papo hapo. Polepole shingo ikawa nyepesi. Kuna nyakati Wakonyo alihisi amepanda kitu kisicho na mifupa, kitu kilichofanywa kwa ule ukungu wenyewe.

Lakini kusimama, wapi. Alijua afanye nini: atoe pumzi, azame kwenye tandiko, aache mgongo wake umwambie farasi basi. Ila kila alipotaka kuzama aliuona ule mkokoteni wa Ngoliba, mapipa yakigongana, na mapaja yakakaza yenyewe. Nduma alisikia yale mapaja, akaegemea, akaenda.

Asubuhi moja Wakonyo alifungua lango. Alitaka tu kusikia kama linalia. Halikulia, na kabla hajalifunga tayari walikuwa nje.

Mibuni ilikuwa imechanua baada ya mvua, nyeupe upande huu na nyeupe upande ule, na harufu yake tamu ilimlegeza mtu hadi kope. Ukungu ulimfikia Nduma tumboni. Hakuwa na miguu. Alielea kwenye mteremko, na mteremko wenyewe ukamfanya akunje kiuno na kukalia miguu ya nyuma bila kuambiwa. Wakonyo hakujua kama ameamka au bado yuko kitandani kwake.

Ndipo harufu ya tangawizi ikapenya kutoka kwenye kibanda cha chai cha Magdalene, pale kwenye kona ya barabara.

Wakonyo alishusha pumzi. Mwili wote ulikaa chini, mabega, tumbo, hata lile goti. Na Nduma akasimama. Alisimama kwa miguu yote minne, shingo imelegea, kama maziwa yanayopanda kwenye sufuria kisha mtu akapunguza moto. Hakuna aliyekuwa amevuta kitu.

Wakonyo aliogopa hata kupepesa macho.

"Shosho," Magdalene aliuliza, "unashuka, ama nikuletee chai huko huko mbinguni?"

Tangu hapo walikwenda kila siku. Wakirudi ndani ya ua, Wakonyo aliiwaza tu ile chai, pumzi ikatoka, na Nduma akasimama hapo pia.

Siku ya Lilavati ilipofika, alipanda kwa kutumia kiti cha jikoni. Walizunguka ua. Akatoa pumzi, na farasi akasimama chini yake taratibu hivi kwamba Lilavati alifumba macho na kukaa hivyo, kana kwamba anamsikiliza mtu wa mbali.

"Umemfundishaje?"

"Polepole tu. Hapa hapa ndani."

"Na barabarani?"

"Barabara haijui kabisa, Mama Keyur. Hata akiiona atashangaa."

"Basi twende ashangae," Lilavati alisema. "Wewe shika kamba."

Goti la Wakonyo lilianza kuuma papo hapo, lakini hakuna aliyelisikiliza. Walipita katikati ya maua. Wakonyo alijaribu kuelekeza kamba upande wa mto. Nduma aliinamisha shingo kwa adabu, laini kama alivyofundishwa, kisha akashika njia yake. Aliteremka akijibeba vizuri, akakata kona, akasimama. Hatamu zilikuwa zimelala shingoni mwake na mikono ya Lilavati ilikuwa mapajani.

"Mwambie yule wa Ngoliba atafute punda," Lilavati alisema kwa sauti ndogo.

Magdalene alitoka kibandani, macho kwenye kikombe asimwage, karai la maganda ya karoti kwapani.

"Nduma, karibu, mama. Mwambie shosho wako kiti chake nimekipangusa. Na leo akufunge mbali na jiko, jana ulikula mandazi ya wateja."

Lilavati alitazama chini kutoka juu ya tandiko, bila haraka yoyote.

Wakonyo alimgeukia farasi.

"Kwani mnajuana?" akamwuliza.