Vidole Visivyokutana

Thirza Nixon alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa miaka kumi na tisa, na ilipofika, mvua ya Cumbria, kaskazini mwa Uingereza, ikawa inalipiga turubai la hema kama inalidai kitu. Ilikuwa mara yake ya kwanza, kama jaji wa maonyesho ya mbwa, kupewa ruhusa ya kutoa cheti. Mbwa akipata vyeti vitatu kwa majaji watatu, anaitwa bingwa mpaka kufa kwake, na mwenye mbwa naye anatembea kifua mbele.

Madume walikuwa kumi na moja, wote teria wa mpakani, wale mbwa wadogo wa kuwinda wenye kichwa kama cha fisimaji. Wa mwisho kwenye mstari alikuwa Rusty, mbwa wa Wilf Tallentire. Rusty alikuwa na vyeti viwili. Wilf alikuwa na miaka themanini na mbili na moyo mbovu, na hema zima lilijua kwamba hatafuga mbwa mwingine. Lilijua pia kwamba Wilf ndiye aliyemfundisha Thirza kila kitu, tangu alipokuwa msichana wa miaka kumi na miwili mwenye viatu vya matope.

"Leo hakuna mashindano," alisema mwanamume mmoja nje ya kamba, mdomo umejaa sandwichi. "Leo tunamuaga Mzee."

"Maureen naye amefuata nini?" mwenzake aliuliza.

"Kutuonyesha koti jipya."

Wakacheka. Maureen Ockley hakupendwa. Alikuwa jaji pia, na ilisemwa kwamba ukimpa mbwa wake utepe wa ushindi mwaka huu, mwakani utepe unarudi kwako wenyewe kama njiwa.

Thirza alimpima mbwa wa Maureen mezani: meno, mabega, mkia. Kisha akamshika kifua kwa nyuma ya mabega, mkono huku na mkono huku. Teria wa mpakani lazima aweze kumfuata mbweha shimoni, na kifua kisichokumbatika hukwama humo, mbwa akafa gizani. Vidole vyake vilikutana bila taabu. Alimtazama mbwa huyo akitembea, na roho ikamuuma. Alikuwa mzuri kupita kiasi.

Zamu ya Rusty ikafika.

"Ana umri gani?" aliuliza Thirza, kwa sababu hilo tu ndilo jaji analoruhusiwa kuuliza.

"Minne," alisema Wilf. Kisha akasema neno ambalo hakuna mwenye mbwa anayeruhusiwa kulisema: "Amekula vizuri baridi hii."

Thirza akamkumbatia Rusty. Vidole havikukutana. Akavuta pumzi, akajaribu tena taratibu, akimpa nafasi kila unywele. Palibaki pengo la upana wa kidole kimoja. Wilf alikuwa anatazama paa la hema, kama mtu anayetafuta panapovuja.

Ingekuwa rahisi mno. Nani angejua? Lakini Thirza aliamini, kwa dhati kabisa, kwamba mtu aliyemfundisha ukweli angependa kuuona ukifanya kazi. Akavuka uwanja na kumpa Maureen cheti. Rusty akawa wa pili.

Makofi yalikuwa machache, yakaisha haraka.

"Mikono yake midogo!" mwenye sandwichi alilalamika. "Nani anampa ujaji mtu mwenye mikono ya mtoto?"

"Midogo wapi? Imepakwa asali na Maureen, hiyo."

Maureen alimsogelea wakati wa kupiga picha, akatabasamu kwa kamera huku akinong'ona. "Asante, mpenzi. Mwezi wa tisa jaji ni mimi. Mlete yule jike wako, tutaonana vizuri."

"Sitamleta," alisema Thirza. "Mbwa wako ndiye bora. Basi."

Maureen akamkagua usoni, akiwa ameshangaa kweli. "Haya, bibie. Kama si hilo, sema mwenyewe unataka nini."

Thirza alimkuta Wilf kwenye maegesho, akimpandisha Rusty nyuma ya gari. Mvua ilikuwa inamtiririka kwenye ukingo wa kofia.

"Mzee Wilf, vidole havikukutana."

"Najua havikukutana. Namkumbatia kila asubuhi tangu Krismasi."

"Sasa ulitaka nifanyeje?"

Wilf alifunga mlango wa nyuma, akaujaribu kama umeshika. "Nilikufundisha kumwona mbwa, mwanangu. Kumwona mtu, nilidhani utajifunza mwenyewe."

Hakusema kwa hasira. Alipanda, akawasha gari, na magurudumu yakamrushia Thirza tope kwenye soksi.

Mezani kwa katibu wa maonyesho palikuwa na karatasi moja iliyobaki: jaji lazima aandike neno juu ya wa kwanza na wa pili, lichapwe kwenye gazeti la wafuga mbwa kwa wote kusoma. Kuhusu mbwa wa Maureen aliandika upesi. Kuhusu Rusty aliandika: *Kifua kipana mno.* Alitaka kuongeza kwamba hakuna dume siku ile aliyekuwa na kichwa kizuri kama chake, na ilikuwa kweli tupu. Lakini Wilf angeisoma kama pole, na mwenye sandwichi angeisoma kama woga, na Maureen angedhani anakumbushwa kwamba cheti kingeweza kwenda kwingine, na bei imeanza kutajwa.

Akaiandika hata hivyo. Katibu akaisoma, akamtazama, akaguna.

"Umeanza kujuta mapema," alisema, akaiweka karatasi kwenye rundo.