Kiti cha Choo cha Admirali

Wilf Pargeter aliingia katika gudi la kutengenezea manowari na mkoba wa sokoni wenye ubao wa kukalia chooni, na moyo ulimdunda kuliko siku alipoutoa. Siku hiyo, mwaka 1974, alikuwa seremala kijana na langoni alipita akipiga mluzi. Kila fundi wa pale alikuwa na "sungura" wake. Ndivyo walivyokiita chochote kilichoibwa kazini na kutoka chini ya koti. Nusu ya milango ya mtaa wao ilipakwa rangi ya kijivu ya manowari, na hakuna aliyemuuliza jirani. Ila sungura wa Wilf alizidi kipimo. Aling'oa kiti cha choo cha admirali ndani ya Hesperia, manowari ya kale iliyohifadhiwa hapo kwa maonyesho, akachonga kingine cha mkangazi na kukipachika mahali pake, kisha kile cha kweli akakifunga chooni kwake.

Doreen, mkewe, alikikalia miaka hamsini bila kulalamika. Sasa walikuwa wanahamia kwa binti yao, na ghafla dhamiri ikamwamka.

"Siendi mbele ya Mungu na chapa ya mali ya wizi matakoni," alisema.

Wilf naye alikuwa amechoka kuogopa. Wakakubaliana: atakirudisha, atakiri, na liwalo na liwe.

Mlinzi wa lango alifungua mkoba, akachungulia, akamtazama Wilf. Doreen, aliyefuatana naye, akamweleza bila kupepesa macho kwamba mzee ana nyonga mbovu na hapati raha akikalia kingine. Mlinzi aliwapitisha upesi, hakutaka kusikia zaidi.

Ndani ya Hesperia walijiunga na watalii waliomfuata Bwana Cobb, baharia mstaafu mwenye kitambi na sauti ya kuamrisha. Cobb aliwasimulia mizinga, viboko na biskuti zenye funza, mpaka wakafika chumba cha admirali. Wilf akashika zipu ya mkoba.

Cobb alifungua kijimlango cha pembeni kwa heshima kana kwamba ni kanisa. Akasema admirali alikaa papo hapo asubuhi ya vita, na ule ufa ukingoni ulitokana na kombora la Wafaransa. Wilf aliujua ufa huo. Patasi ilimponyoka kengele ya chai ilipolia.

Mama mmoja aliinama, akapitisha kidole ukingoni taratibu.

"Angalia ulaini huu," alimwambia mwenzake. "Siku hizi nani atafanya kazi kama hii?"

"Mafundi hao hawazaliwi tena, mama," Cobb akajibu.

Wilf aliachia zipu ya mkoba. Miaka arobaini alichonga ngazi, milango na mihimili, na sifa pekee aliyowahi kupata kwa msimamizi wake ni kutotukanwa. Alitaka kucheka, lakini macho yalimwasha. Alijua vizuri pia kwamba kile cha mkobani kikirudi, hiki cha mikono yake kitaishia kwenye kuni. Lakini ahadi ni deni, na mkewe alikuwa amesimama pale pale. Akainua mkono.

"Bwana Cobb, nina neno."

Kundi zima likageuka. Doreen alikitazama kile kiti, akaitazama mikono ya mumewe, mikavu na yenye makovu, ambayo hakuwa ameiangalia hivyo tangu siku ya harusi. Akamkanyaga mguu.

"Anauliza choo kiko wapi," alisema.

Walipotoka nje, Wilf alishindwa kujizuia.

"Na Mungu je?"

"Mungu alimkabidhi mwanawe kwa seremala," Doreen alisema, akamshika mkono. "Ataelewa."

Langoni alikuwepo mlinzi yule yule. Wilf aliufunika mkoba kwa koti lake, kwa mazoea, akapita akipiga mluzi.